Hina niliyoiandika kwenye daftari la hati, Chake Chake

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine habari za mchana.

Mimi ni mzee, macho yamechoka, mjukuu ndiye anayenibonyezea hii simu. Kwa umri huu sina cha kupata kwa kuwadanganya. Haya yalinitokea mwenyewe, Pemba, miaka michache kabla ya Mapinduzi.

Nilikuwa karani wa Mzee Mbwana, mthibitishaji wa hati. Watu walikuja kutia saini au kidole gumba mbele yake, naye anagonga muhuri. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila hati na mstari wake: namba, tarehe, jina, kidole, na mwisho kabisa sehemu ya Maelezo. Hakuna kuruka mstari, hakuna kufuta.

Kwenye Maelezo Mzee alikuwa na sheria yake.

"Andika ulokiona, si uloambiwa. Na uandike papo hapo, hujainuka."

Mimi niliona ni usumbufu tu. Ujana, wakuu.

Sasa msimu mmoja wa karafuu Mzee akalala na homa. Akaja bwana mmoja wa Wawi, nimwite Faki. Kaka yake alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Akasema mjane, Bi Riziki, amekubali kumrudishia mikarafuu aliyopewa na marehemu. Hati iko tayari, kimebaki kidole tu.

"Shemegi yangu yumo edani, hatoki. Njoo weye na daftari lako."

Nikaenda peke yangu, hadi nyumba aliyonionyesha.

Ile alasiri naiona mpaka leo. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila ua, harufu imejaa hadi kichwa kinakuwa chepesi. Ndani kuna kigiza, udi unafuka, pazia jeupe linakwenda na kurudi polepole kwa upepo. Nilikuwa kama mtu aliye usingizini na anajua amelala.

Pazia likasogea, mkono ukatoka. Hapakuwa na sauti yoyote.

Nikautupia jicho mara moja, nikaona haya kuutazama zaidi. Mwanamke wa watu yuko eda, amekaa ndani kwa kufiwa na mume, mimi nani nimkodolee macho? Nikakishika kidole kwa ncha za vidole vyangu, nikakibonyeza huku nimegeuza uso. Alama ikatoka doa la wino tupu. Nikaandika jina, Riziki. Kisha, kwa mazoea, nikajaza Maelezo na kufunga daftari. Nilipompelekea hati, Mzee akagonga muhuri akiwa kitandani, kwa kuniamini.

Eda ilipokwisha Bi Riziki akaenda kuchuma, akafukuzwa. Mikarafuu ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wanawe watatu. Akaenda kwa kadhi, akasema hajatia kidole popote. Faki akatoa hati yenye muhuri. Tukaitwa sisi na daftari letu.

Kadhi akaniambia nisome mstari wote. Nikasoma mpaka Maelezo.

"Kidole gumba cha kulia, kupitia pazia. Mkono una hina mpya, imekolea."

Hapo nikaacha kusoma.

Mjane aliye eda hajipambi, wakuu. Kila mtu Pemba analijua hilo, na mimi nilikuwa nalijua. Niliiona ile hina, nikaiandika, wala haikunipita akilini.

Kadhi akavua miwani, akamgeukia Faki. Faki akakiri: mkono ulikuwa wa mkewe, ambaye wiki ile alikuwa na harusi ya dada yake. Hati ikabatilishwa, Bi Riziki akarudishiwa mikarafuu yake.

Nilitegemea ataniombea dua. Nje akanisimamisha.

"Mwanangu, ile hina uliiona?"

"Nliiona, mama."

"Na jina langu ukaliandika."

Hakunitukana. Akajitanda buibui lake, akashika njia ya Wawi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee hakunifukuza kazi. Alifungua daftari, akanionyesha mstari mtupu wa mwisho, akaniambia niandike kosa langu kwa mkono wangu, na jina langu chini yake. Nikaandika.

Nilichojifunza ni kwamba kuandika ulichokiona ni nusu ya kazi. Kisome na wewe mwenyewe, kabla hujaweka jina la mtu.

Mnaogonga mihuri siku hizi, daftari bado mnaweka? Hebu nielezeni.

Na kama humu kuna mtu wa Wawi ambaye bibi yake alikuwa Bi Riziki, tafadhali comment hapa chini. Siku ile sikumwomba radhi.