Aliyeniambia Niulaze Mguu

Asikudanganye mtu kwamba mbio ni afya. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, nyonga yangu imeshikwa kwa chuma, na vyote hivyo nilivipata kwa mbio, tena mbio za utotoni, kabla sijaota hata titi. Watu wakiniona na fimbo yangu hudhani niligongwa na bodaboda. Nawaacha wadhani hivyo hivyo.

Nilikuwa darasa la tano. Kijiji chetu kilikuwa kipya, cha ujamaa, upande wa Ziwani, huko Mtwara, kuteremkia Ruvuma inakoingia baharini. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani tukapangwa mistari miwili ya nyumba, na katikati shule. Shuleni akaletwa mwalimu kijana kutoka bara, Mkristo, mwenye baiskeli na filimbi. Siku ya kwanza alituona tukifukuzana uwanjani akasimama na chaki yake mkononi. Kesho yake alichagua watoto saba, wasichana tukiwa wawili, akasema sisi sasa ni wakimbiaji.

Tulikimbia alfajiri kabla ya kengele, kutoka shuleni mpaka mikoko inapoanza, kisha kurudi. Maili sita, kwa hesabu yake. Jioni tena maili sita. Jumamosi tulikwenda mara tatu, akiita "kuongeza pumzi". Viatu hatukuwa navyo, na hatukuvijua. Baiskeli yake ilizama mchangani ikifika nusu ya njia, kwa hiyo alituwekea sheria: kila mtu arudi na jani bichi la mkoko. Alilipokea, akaligeuza, kisha akalilamba kuhakikisha lina chumvi. Naam, akalilamba! Ukirudi mikono mitupu, unarudi ulikotoka. Usiku nilikuwa nikiota majani.

Tumboni tulikuwa na nini? Uji wa muhogo usio na sukari, maana sukari katika duka la kijiji ilikuwa hadithi ya wazee, na mchana ugali wa muhogo na kisamvu. Nilikonda nikabaki macho. Mwalimu alipiga makofi kwa furaha, akasema mkimbiaji mzuri ni yule ambaye mbavu zake zinahesabika.

Sasa mtu atauliza, wazazi walikuwa wapi? Walikuwepo. Mwalimu alikuja nyumbani, akaketi mkekani, akamwambia mama yangu: "Mama, huyu akishika nafasi ya kwanza mkoani, nitampeleka sekondari mimi mwenyewe kwa mkono wangu." Ilikuwa kawaida mwaka kupita bila hata mtoto mmoja wa shule yetu kuchaguliwa kwenda sekondari. Mama alikuwa amezaa sita, amezika wanne, na mkononi ana sugu za jembe tangu utoto. Aliyameza maneno yale kama mgonjwa anavyomeza kwinini. Tangu siku ile hakunituma tena kisimani. "Kimbia, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Jembe lipo tu, halikimbii."

Na jambo moja lilitutia matatani. Wakimbiaji tulisamehewa kazi ya shamba la kijiji. Watoto wenzetu wanapalilia juani, sisi tunapita tukihema na majani mikononi. Watu walianza kumwangalia mama kwa jicho la pembeni kwenye mgawo wa mahindi. Mama akayaona macho yale, akaanza kuogopa husda.

Kwenye ile njia, karibu na mikoko, aliishi bibi mmoja peke yake. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka mto kukimbia vita vya Wareno, mume na watoto wamebaki huko ardhini. Kijiji kilikuwa kimempa kiwanja chenye mikorosho sita mizee. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la mti la wanawake wa Kimakonde, na alipokunywa maji yalichuruzika, nasi tulicheka kwa ujinga wetu. Hakujali. Kila tulipopita alikuwa na mtungi wa maji kivulini, na kata ya kifuu.

Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, unamkimbilia nani? Mume alishakufa, hatuna wa kugombea. Tembea!"

Nilimpenda. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu sikupata kulisema wakati ulipohitaji kusemwa.

Maumivu yalianza miezi michache kabla ya mashindano ya mkoa. Palikuwa mahali padogo tu, penye upana wa kidole, kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mwanzo paliuma nikikimbia. Kisha pakauma nikitembea, kisha nikilala. Bibi wa ng'ambo ndiye aliyegundua, kwa kuwa mimi sikumwambia mtu. Aliniketisha kwenye gogo, akapapasa muundi kwa dole gumba, na alipofika pale nilipiga kelele. Akaupaka mafuta ya nazi taratibu, kuzunguka tu, bila kubonyeza.

"Mguu huu umechoka, mke mwenzangu. Ulaze. Usikimbie mpaka uache kulia."

"Mwalimu atanichapa."

"Mwambie aje anichape mimi."

Nilimwambia mwalimu kwamba mguu unauma. Alicheka. Alisema maumivu ni uvivu unaotoka mwilini, na uvivu hautoki bila kelele. Akaniongezea mzunguko mmoja.

Basi nikachechemea mpaka nyumbani, na mama akaniona. Wallahi, sikupata kuona uso wa mama umegeuka vile. Hakusema "umeumia". Alisema, "Wameshaniweza." Jioni ile ile baba alinibeba mgongoni tukaenda kwa mganga, mtu mzima wa kijiji cha jirani, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinikalisha, akautazama mguu wangu muda mrefu, kisha akauliza swali moja.

"Mtoto mzuri, nani huwa anaushika mguu huu?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliulizwa swali la kweli nikatoa jibu la kweli.

"Bibi wa ng'ambo. Ananipaka mafuta. Ananiambia nisikimbie."

Baba akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mama akaanza kulia. Maana jamani, ni nani anayetaka mtoto wetu asikimbie, kama si yule aliyemfunga mguu? Ndivyo walivyofikiri, na kwa akili zao hesabu ilikuwa imetimia. Mtu mmoja tu kijiji kizima aliniambia nipumzike, na kwa hilo akawa mchawi.

Mganga alinichanja chale tatu juu ya muundi, palepale panapouma, akasugua dawa nyeusi. Akaagiza: mtoto asilale, akimbie. Akikimbia, uchawi unamrudia mwenyewe. Akilala, mchawi ameshinda.

Mwalimu alipoziona zile chale alikasirika, akasema sisi watu wa pwani tumejaa giza, hakuna uchawi, kuna juhudi na maarifa. Ehe! Mwalimu na mganga hawakukubaliana hata jambo moja chini ya jua, isipokuwa hili moja: nikimbie. Na mimi nikakimbia.

Neno la mganga likaenea kijijini. Bibi hakuna aliyempiga, kama ndilo unalotaka kujua. Katibu wa kijiji alisema serikali haitambui uchawi, akafunga daftari lake. Lakini kisimani wanawake walimmwagia chini maji aliyokwisha kuyateka. Salamu zake hazikuitikiwa. Sisi wakimbiaji tulikatazwa kunywa kwenye mtungi wake, na mimi nilipita pale nikitazama mbele, mdomo mkavu, nikimsikia akiniita, "Mke mwenzangu! Nimekukosea nini?" Nilisikia hivyo siku nyingi mfululizo. Sikugeuka. Asubuhi moja tulikuta makuti ya paa lake yametupwa njiani na yeye hayupo. Walisema amevuka mto kwa mtumbwi na kapu moja. Mtungi ulikuwa palepale kivulini, una maji.

Siku ya mashindano tulipakiwa kwenye lori mpaka Mtwara mjini. Mama alinifunga hirizi kwenye kifundo cha mguu. Nilikimbia vizuri, wanasema. Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili, namwona wa kwanza mgongo, na sekondari yangu iko kwenye ule mgongo. Nikakanyaga, na mguu ukatoa mlio. Niliusikia kwa ndani, kama unapovunja muhogo mkavu. Niliendelea hatua kadhaa, sijui ngapi, halafu nikaona majani ya uwanja yako karibu sana na jicho langu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwalimu hakunipeleka hospitali. Alisema ni msuli, akanifunga kitambaa, na lorini hakunitazama. Muhula uliofuata alihamishwa, akaenda na filimbi yake. Mganga naye alisema yule bibi aliacha kitu kimezikwa. Nililala miezi mitatu, hapo ndipo nikaulaza mguu, nao ukajiunga wenyewe jinsi ulivyotaka. Sekondari nimeiona kwa nje.

Wenzangu walivunja ungo, wakachezwa unyago, wakaolewa. Mimi nilifika miaka kumi na tisa mwili wangu bado umekauka kama kuni. Nilichezwa pamoja na watoto wadogo walionicheka. Nilikuja kuzaa mara moja, kwa shida, na mume akachoka kusubiri wa pili. Sikulima, mguu haukuruhusu kuinama na kuinuka. Mama ndiye aliyenilisha, mimi na mtoto wangu, miaka yote hiyo, kwa korosho za shamba la mbali nisikofika kwa mguu huu.

Mwaka juzi niliteleza mlangoni kwangu, hatua moja tu, nyonga ikavunjika. Nikapelekwa hospitali mjini. Mama alikuja kukaa nami kando ya kitanda, mzee wa miaka themanini na kitu, mgongo umepinda lakini masikio mazima. Daktari kijana akaja na picha, akainyanyua dirishani, akaniuliza mimi.

"Mama, ulivunjika lini huu muundi?"

"Sijawahi kuvunjika muundi. Nilirogwa nikiwa mtoto."

Hakucheka, namshukuru. Aliuliza nilikuwa nafanya kazi gani utotoni, nikamweleza: maili sita asubuhi, sita jioni, Jumamosi mara tatu. Akauliza chakula, akauliza nilivunja ungo lini. Kisha akanionyesha kwenye picha ule uvimbe wa mfupa. Akasema mfupa wa mtoto mwenye njaa ukipigishwa chini namna ile hupata ufa, mdogo kama unywele, na ukiendelea kukimbia huachana kabisa. Mifupa yangu yote, alisema, haikupata wakati wa kukomaa.

"Sasa dawa yake ilikuwa nini wakati ule?" nikamuuliza.

"Dawa? Hakuna dawa. Ulitakiwa kuulaza tu mguu."

Alipotoka sikuweza kumtazama mama. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima, wagonjwa wengine wakadhani nimeambiwa nitakufa. Nilikuwa namwona bibi wa watu na kapu lake moja. Nilitaka kuvuka mto siku ileile, niulize kila kijiji cha ng'ambo kaburi lake liko wapi. Nikamwambia mama: nikipona tunakwenda kwa mwenyekiti, tunasema mbele ya mkutano kwamba yule hakuwa mchawi, kwamba mdomo uliomtaja ni huu wangu.

Mama aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga. Halafu akainama sikioni kwangu.

"Usiseme kijijini, mwanangu," alisema. "Ile mikorosho iliyokulisha ni yake. Kijiji kilitupa sisi, kwa fidia ya mguu wako."