Mtu wa Tatu kwenye Pikipiki ya Ndalahwa

Ukitaka kumnyamazisha Ndalahwa, mwendesha bodaboda wa Izia, usihangaike kumtukana. Mletee mama mkwe wake tu. Mdomo huo unaojua habari za kila abiria wa Sumbawanga utafungwa papo hapo, macho yatatazama chini, na kama kuna kichaka karibu, mwenyewe ataingia. Ndivyo walivyolelewa Wasukuma hawa waliohamia Ufipa na mifugo yao: mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala hasemi naye moja kwa moja. Kukiwa na neno, litapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamekaa ua mmoja.

Sasa Mama Kija, ndiye mama mkwe mwenyewe, anaishi ng'ambo ya Matai, njia ya kwenda Kasesya, na macho yake yana presha. Daktari alimwambia asipohudhuria kliniki mjini kila mwezi, atapofuka. Mabasi ya kule ni ya kubahatisha. Basi Kija, mke wa Ndalahwa, akaamua: "Utamleta wewe. Katikati mtaweka begi, hakuna atakayemgusa mwenzake."

Safari ya kwanza ikaleta balaa. Kabla ya kufika Matai, Ndalahwa alisimama kukaza mnyororo. Mama Kija akashuka kwenda kujisaidia. Angeaga vipi, na amuage nani? Ndalahwa, macho chini kwa adabu zote, akakaza mnyororo wake, akapanda, akatia gia, akaondoka. Alihisi pikipiki imekuwa nyepesi, hilo hakulikana hata baadaye. Alidhani ni mnyororo umekaa vizuri! Alipofika kliniki akasimama, akatazama mbele kwa heshima, akamngoja mama ashuke. Alingoja sana, mpaka mlinzi akamuuliza kama anasubiri begi lishuke lenyewe.

Mama Kija aliingia mjini mchana, juu ya lori la mahindi, kope zimejaa vumbi. Kupitia kwa Kija akatuma neno: pikipiki ile hapandi tena, na kliniki basi, bora apofuke akiwa amekaa kwake. "Nilijua tangu siku ile alipouza ng'ombe akanunua chuma," alisema. "Mtu aliyeweza kuachana na ng'ombe, atashindwa kumwacha mama wa mtu barabarani?"

Neno hilo lilimchoma Ndalahwa mpaka kwenye mfupa. Kija hakumgombeza. Alipika, akapakua, akanyamaza, na kwa mtu kama Ndalahwa nyumba iliyonyamaza ni jela.

Kwa bahati, soko huria lilikuwa limeshamwaga kila kitu Sumbawanga, vya kudumu na vya kukuharibikia ukiwa bado unatoka mlangoni. Ndalahwa akaenda kwa Adolfu, Mfipa mwenye duka la vipuri karibu na stendi, kuuliza vile vifaa vya kuongelea ndani ya helmeti, dereva na abiria.

"Msukuma! Ng'ombe hawajambo?" Adolfu akamchokoza.

"Nionyeshe intakomu, acha maneno."

Adolfu akatoa ya kwanza, ya waya. "Hii haina makuu. Waya mmoja, helmeti mbili, mnafungwa pamoja kama mbuzi sokoni."

Ndalahwa akajiona amefungwa waya mmoja na mama mkwe wake, akasisimka mwili mzima. "Ondoa hiyo."

Adolfu akatoa ya pili, isiyo na waya. "Hii hata upepo uvume vipi, unasikia mtu anavyopumua sikioni mwako."

"Anavyopumua! We Adolfu, unataka nilaaniwe? Nauliza hivi: hamna yenye nafasi ya mtu wa tatu?"

"Wa tatu?" Adolfu akamtazama. "Ndugu yangu, mishikaki ya watu watatu hairuhusiwi. Trafiki watakukamata."

"Wa tatu yuko nyumbani, anapika."

Ilibidi aeleze yote, tangu mnyororo hadi lori la mahindi, na Adolfu akacheka mpaka akakalia tairi. Alipopata pumzi akatoa ya tatu, inayopokea na simu, na sauti ya mpigaji inaingia helmeti zote mbili. Wakaijaribu palepale. Kija akapigiwa, na cha kwanza alichosema ni kuuliza nani huyo anayecheka kijinga.

"Lakini wewe na mama pia mtakuwa mnasikiana wenyewe," Adolfu akaonya. "Sasa mkeo wa nini hapo?"

"Kusikia siyo kosa," Ndalahwa akasema. "Kosa ni kuambiwa."

Akainunua hiyo.

Kija akambembeleza mama yake mpaka akakubali, mara moja tu, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kuona ukungu. Jirani akamvika helmeti, begi likakaa katikati, Kija akapigiwa simu, wakaondoka.

"Kija, mwambie mumeo apunguze mwendo."

"Baba, mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Mayu," Kija akamwambia mama yake, "amepunguza."

"Namwona. Mwambie asante."

Ikaenda hivyo, kila neno likizungukia Izia kwanza, na Kija huku anakoroga ugali. Halafu wakapandisha kilima kimoja kabla ya Matai, ukalia mlio mfupi masikioni mwao wote wawili, na Kija akapotea. Mtandao hakuna. Ukabaki upepo, na pumzi za mama mkwe.

Ndalahwa akakaza mikono kwenye usukani. Jamani, hapa atafanyaje?

"Kija," Mama Kija akasema.

Kija hakuwepo. Ndalahwa alijua, na mama alijua.

"Kija, mwanangu, mwambie mumeo asimame kwenye miti ile, nishuke kidogo."

Ndalahwa akapunguza mwendo. "Kija, mwambie mama nasimama. Na siondoki mpaka arudi."

Mama akaenda na helmeti yake kichwani, maana kuivua hakujua. Ndalahwa, mgongo umegeuka, akaanza kuimba kwa nguvu ili asisikie yasiyomhusu. Aliimba beti zote anazozijua, na nyingine akatunga, mpaka aliposikia begi limesogezwa na mtu ameketi.

Akanyamaza. Mama ndiye aliyeanza.

"Kija," akasema. "Mwambie mumeo, wale ng'ombe nilikasirika kwa sababu niliogopa. Nilisema mwanangu atakufa njaa kwa mtu asiye na hata ndama. Miaka yote hii nakuona unanenepa, na sikumwambia mtu. Mwambie mwezi ujao aje kunichukua, asichelewe."

 Miaka yote ya ndoa yake Ndalahwa alitaka kulisikia neno hilo, na sasa limekuja, na barabara haionekani vizuri kwa machozi.

"Kija," akasema. "Mwambie mama..."

Hakuna kilichotoka. Mdomo wote ule!

"Mama amesikia," ilijibu sauti sikioni mwake, na haikuwa ya Kija. "Twende."