Shemeji Kafukuzwa kwa Maji Niliyoyaharibu Mimi

Bwana Mhariri, nashukuru umekubali kulificha jina langu, maana sina uso wa kutazama watu. Nina miaka thelathini na minne, nakaa Temeke na mke wangu, na kazi yangu ni kutunza bwawa la kuogelea katika klabu moja ya Wazungu.

Kila mwezi natakiwa kumwaga theluthi ya maji na kujaza mapya. Ni kazi ya siku mbili, kusugua kuta hadi mgongo unagoma. Nikaona maji ni maangavu, hata sindano ikianguka chini unaiona, basi ya nini kujitesa? Kiangazi chote nikawa naongezea tu yale yaliyokauka kwa jua. Uvivu mtupu, wala sijitetei.

Waogeleaji wakalalamika: macho yanawasha, maji yana chumvichumvi, dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi. Bwana mkubwa akaniita. Mtia dawa alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tena kazi nilimtafutia mwenyewe. Nikasema, "Labda anaipunguza, bwana, anakwenda kuuza." Siku ileile akafukuzwa kama mwizi. Sasa anabeba magunia bandarini.

Juzi mke wangu alikuwa anaanua nguo. "Bwana wee, mbona kaptula yako ya kazi ikikauka inabaki na weupe? Mnaogelea maji ya bahari?" Nikacheka, kesho yake nikamletea chupa ya maji ya bwawa. Kwao wamekua wakichemsha maji ya bahari kupata chumvi, basi akayatia sufuriani na kuchochea moto hadi yakakauka. Chini palibaki ukoko mweupe.

"Maji ndiyo yanayokwenda, chumvi inabaki," akasema. "Sasa nyie mkiongezea tu bila kumwaga, si inazidi?"

Hapo nikaelewa. Chumvi, chokaa, mabaki ya dawa, jasho la watu, vyote vimeyeyuka humo. Jicho halivioni, chujio halivishiki, na vikizidi hata dawa inakosa nguvu.

Mke wangu akaruka. "Basi kaka yangu hakuiba! Kamwambie bwana!"

Hajui nani aliyemchongea. Ijumaa shemeji alikuja baada ya sala, bega limemvimba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, dada kaniambia ulivyonitetea siku ile. Mungu akulipe." Ndivyo nilivyomdanganya mke wangu. Nami nikajibu, "Amin."

Nikisema ukweli nakosa kazi, na pengine mke. Nikinyamaza, yeye atabaki mwizi. Wenzangu mnaosoma, nipeni neno: nianze kwa nani, na nianzeje?