Bi Eduviges Aliyetaka Kutufungia Sinema

Bi Eduviges Partida alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Mji wetu wote wa Tepozán ulimjua: mtengeneza mishumaa, mjane, kiongozi wa akina mama wa kanisa, na ulimi wake, Mungu anisamehe, ulikuwa wembe. Alipotangaza kwamba sinema za nyimbo ni uchafu, nilijua tumekwisha. Padri Leobardo alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza askofu. Bibi akisema sinema yetu ifungwe, inafungwa, na mimi Chencho, mwendesha mashine ya picha, narudi kuchunga mbuzi wa shemeji.

Lakini alikuwa mtu wa haki, hilo nampa. "Siwezi kulaani kitu nisichowahi kukiona," alimwambia padri. Basi Jumapili mchana akaja ukumbini, shela jeusi kichwani, akakaa mbele kabisa, mgongo wima. Jibu lake lilikuwa linangojwa kwenye misa ya jioni.

Sasa, kwetu wimbo ukiwa mtamu hauimbwi mara moja. Watu hupiga miluzi na kukanyaga sakafu mpaka nirudishe mkanda nyuma, uimbwe tena. Siku hiyo nikaapa sirudishi ng'o. Leo tutakaa kwa adabu.

Ukafika wimbo wenyewe. Mchunga ng'ombe, kofia mkononi, kasimama chini ya dirisha la mwanamke. Si kigoli, la, ni mama mtu mzima mwenye mvi zake. Anamwimbia taratibu. Ulipokwisha, watu wakalipuka.

"Chencho, rudisha!"

"Nyamazeni nyie! Hamwoni nani yupo?"

"Rudisha bwana, au siku hizi umekuwa mtawa?"

Nikakaza uzi. Ndipo nikasikia ko! ko! ko! kutoka mbele. Bi Eduviges kavua kiatu, anagonga benchi.

"We Chencho! Masikio hayo ni ya pambo? Rudisha huo wimbo!"

Loo! Nusura nikate mkanda kwa haraka. Nikaurudisha. Nikaurudisha tena. Taa zilipowaka alikuwa analia waziwazi, wala hajifuti.

"Mama, tumekuudhi?" nikamuuliza mlangoni.

"Marehemu Refugio alikuwa mume mwema," akasema. "Ila baba yangu alifuga mbwa wakali. Hakuna aliyewahi kuja kuniimbia dirishani, Chencho. Nikajiambia mambo hayo ni upuuzi. Kumbe ni wivu tu, mwanangu."

Jioni kanisa lilijaa pomoni. Nilisimama nyuma.

"Haya mama, tueleze," padri akasema. "Tuifunge?"

Angeweza kusema hajaelewa. Angeweza hata kujifanya mgonjwa. Mimi, wallahi, ningejifanya mgonjwa.

"Nilikosea, Padri. Nimewasema watu vibaya bure. Isifungwe."

Padri akawa mwekundu. "Niliahidi kufuata neno lako, basi isifungwe. Lakini kiongozi wa akina mama hawezi kuwa mtu wa kushinda kwenye sinema. Chagua."

Kifuani alikuwa na utepe wa buluu wa uongozi. Alikuwa ameuvaa tangu afiwe, na katika mji huu ndio uliowafanya watu wampishe njia. Akauvua bila haraka, akaukunja vizuri, akaukabidhi mkononi mwa padri. Nilimpenda mno yule mwanamke dakika ile.

Akashuka katikati ya watu, kichwa juu, mpaka nilipokuwa nimesimama nikilia.

"Unanikodolea nini wewe?" akasema. "Kafungue mlango wa sinema."