Bibi Aliyetafsiri Mahubiri

Jumapili iliyopita nilisali Kasokola, kwenye kigango chetu cha zamani. Mahubiri yalikuwa Kiswahili kitupu, na hakuna aliyesimama pembeni ya katekista kutafsiri. Siku hizi wote wanaelewa, akaninong'oneza jirani yangu wa benchi. Nikatazama chini. Ngoja nikuambie, rafiki yangu, maana jambo hili nimelificha miaka mingi na mpaka leo linanitia aibu.

Zamani mkalimani alikuwa bibi yangu. Katekista wetu alitoka Sumbawanga, lugha yetu ya Kibende hakuijua, na wamama wazee wa kijijini Kiswahili kiliwapiga chenga. Bibi alikijua kwa kusikia tu, kusoma hakujua. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana tulikaa nje tukimenya karanga, mimi nikimsomea somo la kesho yake. Alisikiliza huku akitupia punje mdomoni, halafu maswali yakaanza.

Jumamosi moja somo lilikuwa la yule kijana aliyetapanya urithi, akarudi kwa baba yake na njaa.

"Na mama yake alikuwa wapi?" bibi akauliza.

"Haijaandikwa, bibi."

"Sasa nani alimpikia?"

Nikarudi kwenye kusoma. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, wa kwanza darasani, na mwalimu wa dini alishatuzoesha kwamba jibu ni lile la kitabuni. Ukiongeza lako, unakosa maksi. Niliamini kabisa kwamba kuwa na elimu ndiko huko.

Kesho yake bibi alijifunga kanga yake mpya, akasimama kutafsiri. Kwake yeye, yule kijana alikwenda Majimoto kuchunga ng'ombe wa watu, akanyimwa hata makombo. Baba alimtambua kwa mwendo tu, akiwa bado mbali. Na mama alikuwepo bwana, tena jikoni, ameshabandika sufuria ya ugali kabla hajaambiwa nani anakuja. Wamama wakaanza kujifuta macho. Mmoja, ambaye mwanaye alikwenda machimboni na hakuwa amerudi, alilia kwa sauti.

Mimi nikasimama. Jeuri ile sijui niliitoa wapi. "Katekista," nikasema kwa Kiswahili, "bibi anatia chumvi. Kwenye kitabu mama hayumo."

Katekista, aliyekuwa hajui hata neno moja la yale yaliyosemwa, akamuuliza bibi kama ni kweli. Bibi akasema, "Mtoto amesema kweli. Yeye ndiye anayesoma." Akaenda kukaa. Kuanzia Jumapili iliyofuata kazi ile nikapewa mimi, nami nikavimba kichwa. Nyumbani bibi hakunigombeza. Aliniwekea uyoga uliopikwa kwa karanga, akaniongezea mchuzi, nikala bila hata kumtazama usoni.

Nilitafsiri neno kwa neno, sikuacha wala sikuongeza. Wamama walinitazama tu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejifuta macho. Yule mama wa kijana wa machimboni ndiye aliyetangulia kuacha kuja, wengine wakafuata, kila mmoja akisema miguu inauma. Kufikia mavuno mabenchi yao yalikuwa yanakaliwa na watoto.

Simulizi za bibi hazipo tena popote. Nyumba nzima niliyejua kuandika ni mimi, na sikuandika hata moja. Kibende chenyewe kimenitoka, nikikisema leo nakwama katikati.

Katika wale wazee wote, aliyeendelea kuja ni bibi. Alikaa mbele kabisa, na kila nilipomaliza sentensi aliitikia "ee", kwa nguvu, peke yake. Nilidhani ninamfundisha. Nilikuwa mtu mzima, yeye ameshazikwa, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaitikia ili nisiaibike mbele za watu.