Fundi Khalaf na Mfereji Mwekundu

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema. Mwaka wa sitini na nne tulipotoka Unguja tulimwachia jirani funguo za nyumba, na kilichobakia ndani Mungu ndiye anayejua. Tangu siku hiyo mtu akinichekea, mimi natazama mikono yake.

Mwaka wa themanini na tatu nilikuwa karani wa skuli ya wasichana hapa Ibra, Uarabuni, nikajenga bafu ndani ya nyumba. Si kwa fahari. Mama yangu, Bi Turkiya, ana baridi yabisi, na macho yake yameshaingia ukungu. Kila baridi ikiingia alikuwa akitia udhu wa alfajiri kwa maji ya kukata mifupa, analia kimyakimya akidhani sisikii. Nikala yamini kuwa mwaka ule baridi haitamkuta bila ya maji ya moto.

Fundi niliyeletewa akiitwa Khalaf. Mwarabu mwenzetu, lakini kazaliwa Kigoma, na sisi tuliotoka Unguja, Mungu atusamehe, mtu wa bara tulikuwa hatumwamini hata kumtuma chumvi.

Alifanya kazi siku nne, mwezi wa Julai. Nilikaa kitini mlangoni tangu anaingia mpaka anatoka. Akishika bomba, nauliza la nini. Akitoka dukani, nataka kuona alichonunua. Akaweka tangi juu ya paa, akatundika bafuni hita ya maji, ile wenyeji wanayoiita sakhana, kisha akafunga mifereji miwili ukutani: kushoto mwekundu, wa maji ya moto, kulia wa buluu, wa maji baridi. Hakunikasirikia hata mara moja, na hilo ndilo lililonizidishia shaka. Mtu mkweli hukasirika.

Alipoondoka nikaufungua ule wa buluu. Maji yakaniunguza vidole! Nikafungua mwekundu, yakatoka maji kama ya mtungini. Nikamwita arudi mbio.

"Wallahi, Khalaf, umenigeuzia mabomba!"

"Hapana, bibi. Ya buluu yanatoka moja kwa moja kwenye tangi, na tangi linapigwa jua kutwa. Haya mengine yanapitia kwenye hita. Haijawashwa, iko kivulini, basi yanapoa humo humo. Kiangazi watu wote hapa wanaogea mfereji mwekundu. Baridi ikiingia utaiwasha, utaona."

"Maji baridi yatoke kwenye hita! Mimi mtoto mdogo?"

"Fakhriya, mwanangu, mwache," mama akasema kutoka chumbani. "Ngoja hiyo sheta, hiyo baridi, ije, ndiyo utajua."

"Mama, wewe huwajui watu hawa!"

Sikungoja. Nikaleta fundi mwingine, nikamwamuru ayageuze mabomba. Akayageuza, akaenda zake. Sasa buluu ikawa baridi na nyekundu moto, kama inavyotakiwa, nami nikajiona hodari kweli. Kila harusi, kila matanga, kila kahawa ya asubuhi nikawa nahadithia. "Khalaf? Msimtie majumbani mwenu. Tapeli yule." Ibra si kubwa. Kufika Oktoba, katika sisi tunaosema Kiswahili hapakuwa na aliyemwita hata kuziba mfereji unaovuja.

Disemba baridi ikaingia. Jioni nikaiwasha sakhana, nikamwambia mama kesho atatia udhu kwa raha zake. Alfajiri nikasikia ukelele. Mama, kwa mazoea ya miezi mitano, alitaka maji ya baridi kwanza, akafungua mfereji wa kulia, ule wa buluu. Maji yaliyochemka usiku kucha yakambabua mkono, kitanga mpaka kiwiko. Nikasimama pale na mvuke usoni, nikalifahamu kila neno aliloniambia Khalaf.

Tuliporudi kutoka hospitali wanawake wakaja kumtazama mgonjwa. Jirani yetu Mahbouba akautazama ule mkono uliofungwa bendeji, akasonya.

"Kazi ya yule Khalaf hii! Si ulituambia, Fakhriya? Tazama alivyomfanya bibi wa watu."

Mama alinigeuzia macho yake yale yasiyoona vizuri, akanisubiri.

"Si Khalaf," nikasema. "Khalaf alifunga sawasawa. Mimi ndiye niliyeyageuza mabomba. Mimi ndiye niliyemuunguza mama yangu."

Mahbouba akanishika goti kwa huruma.

"Una moyo mzuri, shoga yangu. Unamsitiri. Lakini mtu kama yule hastahiki kusitiriwa."

Nikaapa. Nikawapeleka bafuni nikawaonyesha mabomba yalivyopita. Wakatikisa vichwa, wakaniombea dua kwa wema wangu, wakarudi kunywa kahawa.

Kesho yake nikaenda kwa Khalaf. Mlango una kufuli. Mwenye nyumba akaniambia kahamia Sur na wanawe, wiki ya tatu sasa. Kazi zilimkatikia ghafla, na mpaka anapakia vyombo vyake alikuwa akiuliza watu amekosa nini.