Mche wa Mgunga Katikati ya Shamba la Ngano

Haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona mwenyewe nikiwa mzima, sina homa, sijaonja pombe, na wala haikuwa usiku. Watu hupenda kudhani mambo ya namna hii huja gizani. Langu lilikuja saa tisa alasiri, jua likiwaka, upepo wa kiangazi ukivuma kutoka upande wa mlima Hanang. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nisikilize tu, maana tangu mume wangu afariki sina mwingine wa kusema, ndiyo, hata mimi nilikuwepo.

Mimi ni mtu wa Nambis, huku Mbulu. Mume wangu, Tluway, alikuwa dereva katika shamba moja la ngano la serikali kwenye tambarare za Hanang, kupita Balangdalalu. Nilimfuata kambini nikiwa na msiba wangu. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza nyumbani, msichana wa miezi minane, na pale kambini hatukumwambia mtu. Wakituuliza tuna watoto wangapi, tulijibu bado.

Nikapata kazi kwenye kitalu cha miche. Shamba lilikuwa limeng'oa miti yote ili matrekta yapite, halafu upepo ukaanza kuchukua udongo, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba miti ina kazi. Bwana miti alitaka mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Nilimwomba mstari mmoja wa migunga. Akacheka, akaniuliza ni nani anapanda mti wa porini. Lakini aliniachia.

Sijui kama umewahi kuotesha mgunga. Mbegu yake ina ganda gumu kama kokoto. Unachemsha maji, unayaepua, yakipoa kidogo unatia mbegu zilale humo hadi asubuhi. Zilizovimba unapanda, zilizogoma unazirudia. Udongo niliuchota chini ya mgunga mmoja mkubwa uliosalia kando ya barabara, kwa kuwa mche wa mgunga hupenda udongo wa mama yake. Niliotesha kwenye makopo ya maziwa niliyoyatoboa chini. Mizizi yake ina haraka kuliko shina, kwa hiyo kila baada ya muda nainua makopo na kukata iliyotokeza chini, isije ikashika ardhi ya kitalu. Nikazungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi. Asubuhi maji kidogo, jioni maji kidogo. Ilipotoa majani ya kwanza, madogo kama kope za mtoto, nilikaa pale nikalia peke yangu. Nadhani unaelewa kwa nini.

Ngano ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu, na matrekta yalikuwa yanajiandaa kulima. Siku hiyo nilikuwa nimeinama kwenye makopo yangu. Nilipoinua kichwa, mama mmoja wa Kibarbaig, wale wafugaji wenyeji wa tambarare, alikuwa amesimama nje ya uzio. Alikuwa mtu mzima, amevaa sketi ya ngozi na vikuku vya shaba, miguu imejaa vumbi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba polepole. Nikamletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikunywa kwa muda mrefu, koo lake nikiliona linapanda na kushuka. Aliponirudishia kikombe, kilikuwa kimejaa vilevile.

Nilidhani macho yangu yameniongopea. Wewe ungedhani nini?

Akaniomba mche mmoja. Hakutazama mikaratusi kabisa, alionyesha mgunga. Nikamweleza kwamba bwana miti amekataza kuwapa watu wa nje. Hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto wake analala juani. Kisha akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na wako, mwanangu, ana kivuli?"

Kikombe kilinidondoka. Nani alimwambia? Nikamjibu kwamba wangu amelala Nambis, chini ya mti uliopandwa na bibi yake.

"Basi mshukuru Mungu," akasema. "Wangu wameukata."

Nikachukua kopo lenye mche uliokuwa mzuri kuliko yote, nikampa. Kwa kutaka tu kusema kitu, nikaanza kumfundisha: achimbe shimo refu, amwagilie jioni, azungushie miiba mbuzi wasiufikie. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na trekta nalo nilizuie kwa miiba?" akauliza.

Akaondoka akipita kwenye mabua. Niliinama kuokota kikombe, na nilipoinuka hapakuwa na mtu. Nakuomba ukumbuke ile ni tambarare. Mtu anayetembea pale unamwona mpaka anakuwa kama nukta. Nikatoka nje ya uzio nikatafuta nyayo kwenye vumbi. Nilizikuta zangu tu.

Siku ya tatu Tluway alirudi nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini. Alikaa kitandani na viatu vyake, hakutaka chai. Alinieleza kwamba alikuwa analima, akaona mbele ya trekta mche wa mgunga katikati kabisa ya shamba, umezungushiwa miiba, na udongo wake mbichi wakati kisima kilipo karibu ni mwendo wa saa nzima. Pembeni kulikuwa na kopo la maziwa. Alizima mashine akashuka. Palepale, kwenye mfereji aliotoka kuulima, plau ilikuwa imefukua shanga na kikuku kidogo cha shaba ambacho kisingeingia hata kwenye vidole vyake vitatu.

Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa amenificha tangu nilipofika. Mwaka wa kusafisha pori, yeye ndiye aliyeendesha katapila. Mahali pale palikuwa na mgunga mkubwa, na mama mmoja alikaa chini yake akakataa kuondoka. Alisema mtoto wake amezikwa hapo. Vibarua wanne walimbeba wakamweka kando, na Tluway akaamriwa aendelee. Akaendelea. Alisema mama yule hakupiga kelele. Alikaa pale walipomweka, akiangalia.

Nikamweleza habari ya kitalu. Hakuna aliyelala.

Asubuhi nilimngoja mama Gidamis, Mbarbaig aliyekuwa akituuzia maziwa kambini. Nilimuuliza kama anamfahamu yule mama aliyebebwa kutoka chini ya mgunga. Alinitazama sana. Alisema alikuwa shangazi yake, na kwamba baada ya mti kukatwa hakukaa sana. Alikataa chakula, wakamzika Balangdalalu kabla ya masika. Hiyo ilikuwa imepita miaka miwili. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini alikuwa amefunika uso kwa nguo yake, nami nikaona aibu.

Siku hiyohiyo Tluway alikwenda kwa msimamizi akasema kipande kile hatakilima. Msimamizi alimsikiliza, kisha akampa dereva mwingine trekta. Hakuwa mtu mbaya, alitaka shamba liishe kabla ya mvua. Kufikia saa sita mchana mche haukuwepo.

Saa tisa yule mama alikuja tena. Nilimwona tangu mbali safari hii, na sikukimbia. Nilikuwa nimeshachukua mche mwingine, nikautoa kwa mikono miwili juu ya uzio. Hakuunyosha mkono wake kuupokea. Alikuwa amechoka, mwenzangu, amechoka kama mtu aliyetembea tangu kuzaliwa kwake.

"Basi, mwanangu," akasema. "Mwache alale na jua."

Upepo ukaleta vumbi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua nilikuwa peke yangu na makopo.

Mvua za kwanza hazikutukuta pale. Tluway walimweka kwenye kazi ya kubeba magunia, akavumilia wiki chache, kisha tukafunga mizigo tukarudi Nambis. Mungu alitupa watoto wengine, lakini mume wangu hakushika tena usukani wala jembe la ng'ombe, hata kwenye shamba letu wenyewe. Ndugu zake walimwona mvivu. Aliwaacha wamwone hivyo. Mimi mpaka leo ikifika saa tisa ya kiangazi naingia ndani, nafunga mlango, na watoto wangu wamezoea.

Wewe unayenisikiliza, ukienda kufungua shamba ukakuta mgunga mzee umesimama peke yake, usianze na shoka. Tafuta wenyeji uwaulize nani amelala hapo, na ukiambiwa, uliza na jina lake. Sisi hatukuuliza. Nimezeeka, nasali kila jioni nikiwataja wafu wangu mmoja mmoja, na nikifika kwa mtoto wa yule mama nanyamaza, kwa sababu sijui aliitwa nani.